Kanzu ya Posa Kwenye Unga wa Reli

Leo nimeumbuka. Naomba mnisikilize kwanza, kucheka baadaye.

Kazi yangu mnaijua: naunga reli kwa unga. Na Mwanaidi wa Ngamiani mnamjua. Baba yake, Mzee Mbwana mhunzi, tangu nipeleke posa ana neno moja tu: "Anayesema anaunga chuma bila mivukuto ya kupulizia moto ni mwongo. Mwongo simpi binti yangu."

Basi leo, baada ya sala ya Ijumaa, nikamwalika njia ya reli kule Nguvumali. Nikavaa kanzu yangu ya posa. (Ndiyo, kanzu. Kazini. Penye moto.)

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tanuru liko wapi?"

Nikamwonyesha chungu kilichowekwa juu ya mwanya wa reli mbili, kimejaa unga wa kijivu. "Ni kutu ya chuma na alumini iliyosagwa, mzee. Basi."

Nikawasha kiberiti, nikakitia. Kikazima. Cha pili, kikazima. Nikamaliza nusu ya kiberiti, unga umetulia tu!

"Kijana, tia sukari tunywe uji," akasema mzee. Wenzangu wa kazini hoi kwa kicheko.

Jasho likanitoka. Kumbe nimesahau unga wa kuwashia! Ule mwingine ni mkaidi, moto wa kiberiti haumtishi. (Nilikuwa nashughulika kulinda kanzu isichafuke.) Nikaweka kidogo juu, nikawasha.

Lo! Mwanga mweupe, macho hayatazamiki. Alumini ikainyang'anya kutu hewa yake, na kwa ugomvi huo chuma kikayeyuka, kikashuka chenyewe mwanyani. Hakuna mkaa, hakuna mivukuto! Wenzangu wakarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Mimi nikakipa chungu mgongo ili niuone vizuri uso wa mkwe.

"Mzee, mwongo nani sasa?"

 Alikuwa anatazama nyuma yangu. Wote walikuwa wanatazama nyuma yangu. Kisha nikasikia joto.

Cheche zilishakula kanzu, zikaanza na msuli niliojifunga ndani. Wenzangu wakanivamia kwa magunia, wakanipiga makalioni mbele ya mkwe! Moto ukazima. Nguo ya nyuma ikawa haipo. Yaa Rabi, natamani ardhi inimeze!

Mzee akavua koti lake, akanifunga kiunoni. Reli ilipopoa akatoa nyundo yake, akagonga, akasikiliza, akagonga tena kwa nguvu zake zote.

"Imeshika," akasema. "Hiyo kanzu mpelekee Mwanaidi aishone."

Haya, chekeni leo. Ila siku ya harusi, atakayechungulia nyuma yangu hapati pilau.