Seva Isiyosema Sijui

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuonekana kwa picha ya Mheshimiwa Waziri kwenye tovuti ya maji, tovuti ya matokeo ya mitihani na tovuti ya kliniki ya macho si hitilafu. Ni huduma.

Tangazo hilo aliliandika Kaimu Mkurugenzi wa Tovuti za Serikali kwa mkono wake mwenyewe, na alipolisoma mara ya pili nusura ajipigie makofi. Alikuwa amekaimu muda mrefu hadi watoto wake nyumbani wakadhani Kaimu ni jina la ukoo. Kiti cha mkurugenzi kamili, kile cha ngozi kinachozunguka, kilisimama pembeni kimefunikwa nailoni. Yeye alikalia cha plastiki, kwa kuwa taratibu haziruhusu kaimu kuzunguka. Hakuna kitu alichokitamani duniani kama kuvua lile neno mbele ya cheo chake.

Kabla ya tangazo alikuwa amemwita fundi wa seva, mama mmoja mwenye shahada zake na subira iliyokwisha.

"Bosi, seva ni moja, tovuti ni nyingi," alieleza fundi. "Ni kama jengo la ofisi nyingi lenye bawabu mmoja. Mtu akitaja jina, bawabu anampeleka ofisi yenye jina hilo. Sasa hizi tovuti mpya tumezitangaza redioni, lakini majina yake hatujampa bawabu. Na seva yetu haijui kusema sijui. Ikiulizwa jina isilolifahamu, inampeleka mgeni mlango wa kwanza."

"Na mlango wa kwanza ni wa nani?"

"Wa Waziri. Si wewe ndiye uliyesema apangwe wa kwanza, kwa itifaki?"

"Na nilisema sahihi kabisa."

"Basi niruhusu niyaandike hayo majina. Chai yako haitapoa."

Kaimu alimwonea huruma. Watu wa kompyuta husoma sana lakini serikali hawaijui. "Mama, tovuti hizo hazijazinduliwa," alisema kwa upole. "Utepe haujakatwa, mgeni rasmi hajahutubu. Utaandikaje jina la kitu ambacho kiserikali hakijazaliwa?"

"Lakini watu wanakitafuta."

"Ndiyo maana tunawaonyesha Waziri."

Mgeni rasmi wa kila uzinduzi alikuwa Waziri huyohuyo, naye alibanwa na shughuli. Wakati akisubiriwa, serikali haikukaa bure. Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Mwelekeo wa Seva. Wajumbe waliingia chumba cha seva na suti zao, wakatetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, wakaizunguka mashine kwa heshima. Walibaini kwamba ilikuwa imewapa wageni mgongo, wakaagiza igeuzwe itazame mlango. Ikageuzwa. Waziri akaendelea kutokea kwenye maji. Kamati ikapendekeza iundwe kamati nyingine, ikaomba masweta.

Siku hiyohiyo Kaimu alipigiwa simu na mama mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimetafuta tarehe yangu ya kliniki ya macho, naona mzee mmoja mnene, kavaa tai nyekundu, anacheka peke yake."

"Tai umeiona ni nyekundu, mama?"

"Nyekundu, ina vidoadoa."

"Basi macho yako mazima. Umeshahudumiwa."

Waziri naye alifurahi mno. Aliletewa takwimu, akapiga simu mwenyewe. "Naambiwa ukurasa wangu unatembelewa kuliko wa mpira!"

"Wananchi wanakutafuta usiku na mchana, Mheshimiwa. Hata anayetaka maji anaanza kwako."

"Kazi nzuri, kijana. Hilo neno kaimu tutaliangalia."

Kaimu alikishika kiti cha ngozi juu ya nailoni, akakizungusha kidogo tu. Moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Ndipo polisi nao wakafungua tovuti yao mpya, iitwayo Wezi wa Mali ya Umma, yenye picha za wanaosakwa. Redio ikatangaza asubuhi nzima: fungua, tazama sura, toa taarifa. Wananchi wakafungua. Wakatazama sura. Taarifa walizotoa zilijaza simu za vituo vyote, na nyingine zilikuwa na maelezo marefu ya kusadikika.

"Nitoe huko!" Waziri aliunguruma.

"Mheshimiwa, dawa ni uzinduzi tu. Njoo uwe mgeni rasmi, ukate utepe wa Wezi wa Mali ya Umma, utoe nasaha—"

"Mimi? Nisimame chini ya bango hilo nipigwe picha? Una akili?"

Akatafutwa mwingine. Naibu wake akawa na msiba. Katibu mkuu akaugua ghafla. Meya alisema anaiunga mkono tovuti hiyo kwa dhati, ila kwa mbali. Hakupatikana kiongozi hata mmoja wa kushika mkasi.

"Bosi, niliandike jina moja tu," fundi alisihi. "Hilo la polisi."

"Bila utepe?" Kaimu alishtuka kikwelikweli. "Mama, hiyo ni fujo."

Waziri akakata shauri. "Basi niondoe mlango wa kwanza, uweke mtu mwingine."

"Kwa itifaki, Mheshimiwa, anayefuata ni Mkurugenzi. Na ni lazima awe kamili, kaimu hawezi kumtangulia mtu."

"Kuanzia sasa wewe ni kamili! Hima!"

Machozi yalimtoka. Aliipasua ile nailoni kwa meno, akakaa, akazunguka mpaka kizunguzungu kikamshika. Kisha akachagua picha yake nzuri kuliko zote, yenye suti ya harusi, akamkabidhi fundi.

"Bosi, una uhakika? Ya kwanza kabisa?"

"Kabisa. Na iwe kubwa."

Fundi aliivuta kibodi. Akaandika.

Keshoye kabla ya mkutano wa asubuhi, sajini wa polisi aliingia na koplo wake bila kubisha, simu mkononi. Alimtazama Mkurugenzi, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mkurugenzi kamili. Lakini hapo nimetokea kwa sababu za kiufundi. Seva hailifahamu jina la tovuti yenu, kwa hiyo inawaleta mlango wa kwanza, ambao kwa itifaki ni wangu."

"Hayo utayasema kituoni. Tovuti ni yetu wenyewe, na sura ni yako."

"Sikiliza, sajini! Fungua tovuti yoyote mpya, utaniona. Fungua ya dawa za hospitali."

Sajini akafungua. Mkurugenzi akatokea, tai imenyooka, anatabasamu.

"Umeona? Sasa fungua ya ujenzi wa barabara."

Mkurugenzi tena. Palepale, tabasamu lilelile.

Barabara ya kijijini kwao sajini ilikuwa ikijengwa tangu yeye ni mtoto, na jana tu mkewe alikuwa amerudi kutoka hospitali mikono mitupu. Aliirudisha simu mfukoni polepole, macho hayabanduki usoni pa yule bwana.

"Koplo, lete pingu," alisema. "Huyu tumemtafuta siku nyingi."