Droni ya Jephté na Ng'ombe Wangu wa Rutshuru

Jumapili, 16 Mei 2021

Siku mbaya. Jephté amenunua droni.

Nimeiona mwenyewe, uani kwa muzee Nzabonimpa, baada ya misa. Kidude cheusi chenye mikono minne, kinavuma kama nyuki ndani ya kopo. Kikapanda juu ya paa, kikapita mparachichi, kikatulia hewani. Watu wote wakainua vichwa. Athanasie, binti yake muzee, naye akainua kichwa. Akacheka! Nimempiga picha Athanasie mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa Goma, na hajawahi kuichekea mashine yangu hivyo.

Tukumbushane: Jephté nilimfundisha kazi mimi. Alikuja studioni kwangu, hapa hapa mtaa wa Murara, hajui hata kufungua kifuniko cha lenzi. Leo ana droni. Mimi nina pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, nalo limetoboka.

Muzee ndiye rais wa mutualité, yaani umoja wa watu wa Rutshuru wanaoishi Goma. Anataka Rutshuru ipigwe picha kutoka juu, itundikwe kwenye ukumbi wao. Mji wa kale, nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji, mto, na pori la hifadhi nyuma yake. Amezaliwa huko, lakini hajafika kwa miaka. Barabara mbaya, waasi vilimani, magoti nayo yamekataa. Kazi amempa nani? Jephté. Mimi hata hakunitazama.

Roho iliniuma hadi nikasahau kilichonipeleka. Nilikwenda kumposa Athanasie! Mwenyewe anajua. Nilipomuuliza alisema niende kwa baba yake, na alisema kwa sauti nzuri. Dada yangu Angèle alinifundisha maneno yote ya heshima. Nikayasema. Muzee akasikiliza, akajibu kwamba kwao mali ya binti, yaani mahari, ni ng'ombe, na ng'ombe lazima ukoo uwaone kwanza. Kwetu Butembo tunatoa mbuzi na watu wanaoana vizuri tu. Nilitaka kusema hivyo. Lakini Jephté alikuwa amesimama pale, droni kwapani, anatabasamu. Nikausikia mdomo wangu unasema kwamba ng'ombe ninao tayari. Wako wapi? Rutshuru, kando ya mto, kwa rafiki yangu mmoja.

Muzee akafurahi kweli. Akasema basi Jephté atawapiga picha katika safari hiyo hiyo, na Jumamosi ukoo wote utawaona kwenye televisheni. Hakuna haja ya kuwatesa wazee njiani.

Sina ng'ombe. Rafiki pia sina.

Jumatatu, 17 Mei

Angèle anasema nirudi kwa muzee nikamwambie ukweli na kuomba mbuzi wakubaliwe. Angèle hajui biashara. Nimeshapanga kila kitu. Kando ya mto Rutshuru ng'ombe wamejaa. Miguu minne, mkia, basi. Nitaandamana na Jephté, tutawapiga picha ng'ombe wa mtu yeyote, nitaoa, halafu nitanunua wangu polepole. Nani atajua? Ng'ombe hana sura.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Jioni Athanasie ametuletea sambusa za safari, mimi na Jephté. Fungu la Jephté lilikuwa kubwa zaidi. Nimeyatazama mafungu yote mawili kwa makini, siyo wivu. Angèle akasema yamelingana. Angèle anahitaji miwani.

Jumanne, 18 Mei

Safari. Mimi nyuma ya pikipiki ya Jephté, nimemshika kiuno. Fedheha. Lakini nilisisitiza kubeba begi la droni mgongoni mwangu, ili watu wa njiani wajue mwenye mali ni nani. Kibumba walinitazama kwa heshima. Rugari vilevile.

Baada ya Kalengera tukakuta kizuizi cha askari. Tangu itangazwe hali ya dharura hawataki mchezo. Hapo nikapata akili. Jephté alipokwenda kujisaidia, nikamnong'oneza askari mmoja kwamba kati yetu wawili kuna mtu amebeba mashine ya kupelelezea. Hesabu yangu ilikuwa hivi: watamshika Jephté kidogo tu, siku moja, droni itabaki kwangu, nitairusha mwenyewe, na Athanasie atacheka kwa ajili yangu. Askari akauliza ni yupi. Nikasema ni yule mwenye begi.

Begi lilikuwa mgongoni mwangu.

Nimekaa mavumbini hadi jua likageuka, bila viatu, bila mkanda. Aliyenitoa ni Jephté. Alikuwa na karatasi ya ruhusa, ina mhuri, kumbe hata walinzi wa hifadhi alishawaona wakamwonyesha mahali asipopaswa kuvuka. Askari wakamwita chef, yaani mkubwa. Mimi waliniita weye. Jephté akaniletea viatu vyangu, akavikung'uta vumbi kwanza. Hakuuliza nani alisema nini. Wema wa namna hii ndio unaonichukiza kabisa.

Jumatano, 19 Mei. Rutshuru

Jephté amerusha droni asubuhi. Nikachungulia kioo cha kuirushia juu ya bega lake. Mabati yenye kutu, veranda za matofali, barabara ndefu yenye miti mikubwa huku na huku, mto wa rangi ya udongo unapinda na kupinda tena. Ng'ambo, kijani tupu hadi macho yanakoma, hakuna nyumba hata moja. Hifadhi. Ni picha nzuri. Nimeliandika neno hilo kwa shida.

Mchana, ng'ombe. Tukawapata malishoni karibu na mto, wanene, wa kujivunia. Nikamwambia mchungaji ni picha za kalenda tu. Akasema hakuna shida, mwenyewe anakaa Goma, ni muzee anayewapenda kuliko chakula, hajawaona tangu barabara iharibike, na jina lake ni...

Hapo simu ya Jephté ikalia. Akajitenga nyuma ya miti. Akacheka kile kicheko cha mwanaume anayezungumza na mwanamke. Nani wa kumpigia kutoka Goma? Athanasie! Nikamwacha mchungaji mdomo wazi. Nikazima simu yangu isije ikalia, nikajipenyeza kwenye matete. Nikasikia "cherie", yaani mpenzi. Nikasikia "nitakuya karibuni." Tope lilikuwa limenifika magotini.

Niliporudi mchungaji alikuwa kashakwenda kuzuia ndama. Sikuuliza tena. Jephté akawapiga picha wote, taratibu, kutoka juu. Nikamwambia amkazie yule mweupe mwenye pembe moja iliyokatika, maana anapendeza.

Ijumaa, 21 Mei

Nimerudi Goma. Nimemuuliza Athanasie, kwa ujanja, kama Jumatano mchana alimpigia mtu simu. Akasema ndiyo. Roho ikaanguka. Akasema alinipigia mimi, mara mbili, na simu yangu ilikuwa imezimwa. Kisha akaniuliza ilizimwa kwa nini. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa kwenye matete namsikiliza akizungumza na mwingine?

Nikamuuliza kwa nini anauliza. Tumeagana vibaya.

Jumapili, 23 Mei. Gisenyi, ng'ambo ya mpaka

Leo ni Pentekoste na mimi nimekaa kando ya barabara ya watu wengine, nimevaa kiatu kimoja. Niandike kwa utaratibu.

Jana jioni ukoo wote ulikusanyika sebuleni kwa muzee. Fanta, karanga, suti. Jephté akaunganisha waya kwenye televisheni. Rutshuru ikatokea, na wazee wote wakasogeza viti karibu. Mama mmoja akaionyesha kwa kidole nyumba aliyozaliwa. Muzee alivua kofia. Kila mtu akampongeza Jephté, mimi nikawa natafuna karanga kwa hasira. Nikasema kwa sauti kwamba sasa wanakuja ng'ombe wangu.

Wakaja. Yule mweupe akajaa kwenye kioo.

Muzee akasimama. Akaisogelea televisheni, akaweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe. Machozi yakamtoka. Nikafikiri, tazama, amezidiwa na utajiri wangu! Akaita, "Gitare. Gitare yangu." Akawaeleza watu kwamba pembe ile ilivunjika mwaka 2008, waasi walipopita na mifugo ikakimbia, na kwamba watu walimwambia Gitare alikufa zamani, naye hakuamini. Akawataja wengine mmoja mmoja, kutoka juu, kwa migongo yao! Sikujua kwamba mtu anaweza kumtambua ng'ombe kwa mgongo. Kwetu hata mbuzi tunawatambua kwa kamba.

Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Sikuli. Unataka kunitolea mali na ngombe zangu miye mwenyewe?"

Sebule yote ikanitazama. Jephté akatazama viatu vyake. Athanasie akafunika uso. Nikajaza karanga mdomoni.

Ndipo watu wakapiga kelele nje. Tukatoka. Mbingu upande wa Nyiragongo ilikuwa nyekundu hadi juu, na harufu ya kuungua. Volkano imelipuka! Nisifiche: nilimshukuru Mungu. Hakuna aliyekumbuka ng'ombe tena.

Barabarani watu wanakimbia na magodoro, na mbuzi, na vitoto mgongoni. Athanasie akatoka na furushi kubwa, akalitua mbele yangu. Baada ya yote yale! Akasema, "Sikuli, kuya tuende pamoja."

Maneno hayo nimeyangojea maisha yangu yote. Wakati huo huo pikipiki ya Jephté ikapita kasi gizani, na nyuma yake mtu amejifunika kitenge. Mwanamke? Mwanamke gani? Nikamwambia Athanasie angoje kidogo. Nikaikimbilia pikipiki hadi mpakani, nikapoteza kiatu njiani. Nikawafikia. Mwenye kitenge alikuwa muzee, Jephté alimfunika kwa ajili ya moshi.

Nikarudi pale pale nilipomwacha. Furushi halikuwepo, wala Athanasie. Angèle, aliyenikuta nazunguka, alisema alimwona akienda na umati, furushi kichwani, peke yake. Mimi na Angèle tukavuka mpaka.

Alhamisi, 27 Mei

Tulirudi nyumbani, lava ilisimama kabla ya kutufikia. Lakini ardhi haijaacha kutetemeka, pazia la studio limeanguka. Leo asubuhi serikali imetangaza kwamba Murara na mitaa mingine yote ya karibu ihame mara moja. Mimi na Angèle tunakwenda Sake kwa miguu. Jephté ametupita na pikipiki, amebeba mama mzee nisiyemjua. Watu wanambariki njiani. Mimi ninayebeba sufuria hakuna anayenibariki.

Ijumaa, 28 Mei. Sake

Tumelala kwenye darasa la shule. Athanasie yuko darasa la pili kutoka letu, na baba yake. Amekuja mwenyewe leo mchana, akakaa kwenye dawati karibu nami. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu ng'ombe. Hakuyataka.

"Ngombe haikukuwa shida," akasema. "Nilishaomba papa akubali mbuzi, na alikubali. Alikuwa anangoja tu useme ukweli. Lakini ile magaribi ya volkano nilikuita, weye ukafuata pikipiki."

Nikamuuliza basi aseme wazi kama anampenda Jephté.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema Jephté ana mchumba Bunagana, kule mpakani, anaitwa Umugwaneza, kila siku wanapigiana simu, mtaa mzima unajua, na mimi ningejua kama ningeuliza badala ya kujificha. Akasema sambusa alizifunga sawasawa kwa mikono yake. Halafu akaniaga kwa jina langu lote, kama watu wanavyoagana msibani, akatoka kwenda kuteka maji na Angèle. Hatarudi. Nimelia. Nimelia kweli, uso ukutani, ili watu wa darasani wasione. Nilikuwa naye tayari, na baba yake alikuwa tayari, na mbuzi wangetosha.

Kisha nikaanza kufikiri. Bunagana!

Jephté mwenye droni, mwenye pikipiki, mwenye kupigiwa saluti, na mchumba juu yake? Tena mimi mwalimu wake hakuniambia! Nimemtafuta jioni, nikamwomba nione picha. Akanionyesha kwa furaha. Ni mrembo. Ana mwanya. Anafanya kazi forodhani, ana mshahara. Nimeirudisha simu yake, kifua kinawaka.

Akaniuliza kwa upole ninajisikiaje, maana amesikia habari za Athanasie, na anasikitika sana. Kusikitikiwa na Jephté! Nikacheka. Nikamwambia asijisumbue, na Athanasie yalikuwa mazoea tu, mchumba wangu hasa yuko Bunagana vilevile.

Amefurahi mno, amenikumbatia. Anasema lava iliyoziba barabara ikikatwa na njia kufunguliwa tutakwenda pamoja, kila mtu kwa wake, na atatupiga picha wote wanne kutoka juu.