Sauti ya Nuhu Kwenye Diski Iliyojaa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Siku imeanza vibaya. Nje joto, ndani baridi. Chumba chetu cha maseva ndicho mahali pekee Rumonge ambapo mtu anavaa koti kazini, na koti langu limeliwa na panya. Mama Hadjara, mwenye kituo hiki cha kutunzia data za watu, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua shefu, yaani mkuu, wa chumba. Tuko wawili tu. Mimi, Alimasi, miaka sita humu ndani. Na Kaoutar, miezi mitano, diploma ya Bujumbura, koti zima.

Ninao mpango! Wateja wanalilia nafasi: zahanati ya Minago, shule, ushirika wa mawese wa Kigwena. Seva zetu za chuma ni chache. Ndani yake tumetengeneza mashine nyingine zisizoshikika kwa mkono, kila mteja na yake, na zote zinakula kwenye diski moja. Leo nimewaongezea wote nafasi maradufu. Kwenye kioo inaonekana wanayo. Kwenye diski haipo. Si uongo. Ni kama harusi: unaalika mtaa mzima, unapika nusu, maana wote hawaji.

Kaoutar akaniuliza ni harusi gani ya Rumonge ambayo watu hawakuja. Wivu huo.

Jumanne, 16 Septemba

Mama Hadjara amepiga simu kutoka Bujumbura. Wateja wamemshukuru. Akasema hakujua kama nina akili. Nimeichukua kama sifa.

Kaoutar akadakia. Anataka inunuliwe diski ya pembeni, tunakili vitu vyote vya wateja kabla ya maafa. Nikamwambia Mama hakuna haja, kila mashine nimeipiga picha. Picha ni kitu kizuri sana. Mashine inakumbuka ilivyokuwa saa ile, ikiharibika unairudisha palepale. Kaoutar akasema picha si nakala. Mama Hadjara hakusikia hayo. Alisikia hakuna kununua, akakata simu akiwa na furaha.

Nimeshinda. Lakini kabla ya kutoka nimeitazama ile diski mara mbili. Sijui kwa nini.

Jumatano, 17 Septemba

Balaa! Harusini wamekuja wote.

Ushirika wa Kigwena, baada ya kuambiwa nafasi ipo tele, umefunga kamera kila upande wa shamba kwa ajili ya wezi wa ngazi, matunda ya michikichi. Zinarekodi mchana kutwa na usiku kucha. Nimetazama kidogo. Michikichi imesimama. Michikichi inatikisika. Asubuhi hii diski ikajaa mpaka shingoni na mashine zote zikaganda. Zahanati ya Minago haiwezi kufungua faili la mgonjwa hata mmoja.

Mama Hadjara yuko njiani anarudi. Nikamshukuru Mungu niliposikia basi dogo alilopanda limeishiwa mafuta. Kisha nikasikia limeishiwa wapi. Minago, mbele ya zahanati.

Kaoutar akasema tuwaombe Kigwena ruhusa ya kufuta sinema zao. Akapiga, hawakupokea. Akapiga tena. Mimi siwezi kungoja watu walio shambani. Nikatafuta mteja asiyelalamika, nikampata: redio ya mtaa. Ziwa lilipopanda liliingia studio na kuharibu kila kitu, redio ikafungwa, ila vipindi vyao vya zamani viliwahishwa kwetu. Hakuna anayevigusa.

Isipokuwa Shangazi Chausiku. Mwanawe Nuhu ndiye aliyekuwa anasoma habari za asubuhi. Alifariki mwaka juzi kwa homa, siku nne tu. Kila Ijumaa baada ya swala, Shangazi anakuja kukaa kwenye benchi letu na mimi namfungulia kipindi kimoja. Hana sauti ya mwanawe mahali pengine popote.

Lakini picha si ninayo? Nikaifuta mashine ya redio. Papo hapo zote zikaamka! Minago wakaanza kuandika wagonjwa. Nilijiona mwanaume.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kumrudisha Nuhu kutoka kwenye picha. Picha haipo.

Kumbe picha inaishi ndani ya mashine yenyewe. Ukifuta mashine, umefuta vyote viwili. Nimesoma maelezo mara nyingi, nikitumaini yatabadilika.

Ikabidi nimwambie Kaoutar. Hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi. Amekaa siku nzima akichimba ile diski kwa kila njia aliyofundishwa. Jioni akavua miwani. Kamera zimeshaandika juu yake, akasema. Pale alipokuwa Nuhu sasa pana michikichi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jenereta. Nuhu tulilelewa nyumba moja. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, na ndiye aliyewaambia watu wote kwamba nilishindwa.

Nikamwomba Kaoutar anyamaze. Akanijibu taratibu: "Mwambie ule mama wa Nuhu ukweli. Kama haumwambie weye, nitamwambia miye."

Amenipa mpaka Jumapili.

Ijumaa, 19 Septemba

Shangazi amekuja. Akakaa palepale, akapanga kitenge chake magotini, akangoja. Nikamwambia mashine inaumwa kidogo, arudi keshokutwa. Akauliza inaumwa nini. Nikasema joto. Kwenye chumba hiki! Akainua mikono akaiombea mashine dua, ndefu, akataja na jina langu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Yaliyotoka ni kwamba Jumapili itakuwa imepona.

Jumamosi, 20 Septemba

Kaoutar amekuwa shefu. Mama Hadjara alikaa Minago nusu siku kwenye benchi la wagonjwa, na wagonjwa walimweleza kila kitu, akiwemo mzee mmoja mwenye jipu aliyetaka kujua ni mpumbavu gani anashika hizo mashine. Mimi nimepewa jukumu la jenereta. Jenereta haina mafuta tangu Julai.

Sina uchungu. Nina mpango mwingine. Babu yetu na Nuhu ni mmoja. Pua moja, kifua kimoja. Nimejifungia chumbani kwangu na simu, nimeweka kitambaa mdomoni, nikaanza kwa salamu yake ya asubuhi: Amahoro Rumonge, amahoro Minago, amahoro Kigwena. Kisha nikaendelea na habari za samaki, ndagala na mukeke, mvua, na ng'ombe aliyepotea. Vyote nimevibuni. Mara ya kwanza nilisikika kama mtu anayezama. Mara ya tano nikamsikia Nuhu kabisa, nikaogopa, nikazima simu na kukaa kitandani muda mrefu. Nimemkosa sana. Nikarudia, maana katikati jogoo wa mwenye nyumba aliwika.

Jumapili, 21 Septemba

Nimeokoka!

Shangazi alikuja mapema, amejipaka wanja. Nikabonyeza. Alisikiliza macho amefumba. Kwenye ng'ombe aliyepotea akayafumbua, akanitazama mimi badala ya kompyuta. Nikakohoa. Akaomba nirudie. Nikarudia. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Kisha akasimama akatoka. Moyo wangu ulikwenda naye mpaka mlangoni. Nikadhani basi, yamekwisha. Kumbe alikwenda kwa muuza chai wa barabarani. Akarudi na kikombe cha tangawizi, moto, akakiweka mkononi mwangu na kuifunga mikono yangu kwa mikono yake.

"Nimemusikia," akasema. "Murakoze, asante, mutoto wangu. Kunywa hii. Siku ya Ijumaa usikuye na sauti imekauka."

Sijui sauti yangu inahusika vipi. Kazi yangu mimi ni kubonyeza tu. Wazee bwana! Lakini hakugundua kitu chochote, na tangawizi ilikuwa nzuri.

Kaoutar alikuwa ananingoja ndani. Akauliza kama nimemwambia. Nikamtazama machoni nikamjibu kwamba Shangazi anajua kila kitu. Akanipa mkono, akasema hakutegemea ningekuwa na moyo huo. Uongo wangu bora wa wiki nzima.

Sasa nimekaa nafikiri. Redio itafunguliwa tena Januari na wenyewe watataka vipindi vyao vyote. Kwa nini nihangaike? Njia ninayo. Mahubiri nayaweza. Mganga wa mimea namkumbuka vizuri, alikuwa anasema kama amebanwa na mlango. Kwa mama wa mapishi nitabana pua. Kazi itakuwa kwaya ya Mama Kornelia, wale wana sauti nne. Kesho naanza na besi.