Pamba Yangu Kuitwa Mlenda

Luhende Masunga,
Lalago, Maswa.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Mbegu,
Bariadi.

Ndugu Mkuu,

Mwangaluka. Sisi huku Lalago ni wazima, mvua zinasuasua, lakini ng'ombe wanakula. Ninaandika kwa heshima zote kumlalamikia mtaalamu wenu, Justina, ambaye msimu huu amekuwa akija shambani kwangu kuchuma majani ya pamba. Sina ugomvi naye. Nataka tu aondolewe.

Mnyauko uliingia shambani kwangu ukakausha pamba mstari kwa mstari. Pembeni, karibu na kichuguu, ukabaki mche mmoja umesimama, wa kijani, kana kwamba haukupewa taarifa. Bwana shamba aliuona, akawaambieni, nanyi mkamleta Justina. Alinieleza vizuri tu kwamba ndani ya jani kuna kitu kinaitwa RNA, yaani maagizo ambayo mmea hujiandikia wenyewe ukipata shida, na kwamba akiyapata yakiwa mazima atajua mche huu unafanya nini wakati wenzake wanakufa. Nilifurahi. Malalamiko yanaanzia hapo.

1. Alininyima mkono. Nilimwendea kumsalimia, akarudi nyuma na glavu zake, akasema, "Samahani baba, mikononi mwa watu kuna kitu kinachokula RNA." Mikono hii imevuta ndama wengi matumboni mwa mama zao na haijawahi kula cha mtu. Alisema hayo mbele ya jirani yangu Mihayo, na kesho yake gulioni habari ikawa kwamba Luhende ana mikono inayokula.

2. Anachagua. Nilimkusanyia majani mapana, mazuri, akayakataa. Anataka yale machanga ya kileleni tu, kama mbuzi. Akishayakata anayatumbukiza papo hapo kwenye mtungi unaofuka moshi wa baridi, kwa maelezo kwamba RNA huharibika upesi kuliko maziwa yaliyoachwa juani. Moshi huo ulionekana mpaka barabarani. Tangu hapo naulizwa nimemleta mganga kutoka wapi. Mama mmoja alikuja na kuku, akiomba naye afukiziwe shamba lake. Kuku nilimrudisha, japo kwa uchungu.

3. Hili ndilo limeniumiza. Justina alirudi kutoka maabara akasema majani yamegoma. Kila akiyasaga yanatoa ute wa kahawia unaovutika, na RNA yote inanasa humo. "Pamba yako ina utelezi, baba, kama mlenda." Kisha, akidhani ananifariji, akaongeza kwamba pamba na bamia ni ukoo mmoja. Ndugu Mkuu, babu yangu alilima pamba, baba yangu akalima pamba. Hakuna aliyetuambia kwamba tunalima mboga.

4. Kwa sababu ya ute huo amekuwa akirudi tena na tena, kila mara na dawa mpya ya kuuondoa, na kila mara anachuma. Mche ulioushinda ugonjwa sasa unamalizwa na sayansi.

5. Mke wangu Nyanjige amehamia upande wake. Siku hizi anatwanga karanga amejifunga kitambaa mdomoni, kama Justina anavyojifunga akichuma majani, nami nikikohoa karibu na kinu nafukuzwa. Jumapili alikataa kumpa mkono katekista.

Kwa hiyo naomba mlete mtaalamu anayesalimia. Pia kituo kiandike barua yenye muhuri, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, ikithibitisha kwamba mikono yangu haili, mtungi si wa uganga, na pamba si mboga. Mkishindwa, nitautangaza mche ule kuwa binti wa nyumba hii. Atakayetaka jani lake atume mshenga na ng'ombe, kama watu wengine wanavyofanya.

Nisalimie wote hapo kituoni, mlinzi wa getini, na yule dereva aliyeyasifu maziwa yetu. Nyanjige naye anawasalimu, hasa Justina.

Ni mimi, ninayeumia kwa adabu,
Luhende Masunga

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha Justina alipofika. Safari hii hakuwa na mtungi. Alikaa kwenye kigoda akasema uongozi umechoshwa na pamba yangu na kazi inahamia Ipililo, kwenye mche mwingine usio na ute mwingi. Alikuja kutuaga. Nyanjige aliingia ndani na hakutoka tena. Mimi nilikwenda shambani nikasimama pale kwenye kichuguu. Msimu huu nimepoteza shamba zima, ndugu Mkuu, na watu wamenipa pole nyingi, lakini Justina peke yake ndiye aliyetaka kujua kwa nini huu mmoja haukufa. Nami nilikuwa nataka kujua. Naomba yote yaliyoandikwa huko juu uyaruke, uanze kusoma hapa: mche umechipua upya, majani ni machanga kabisa, na sisi tunaomba arudi. Nyanjige anauliza ni lini, ili apike wali.