Bampa la Mzee Stamen

Svilen aliliona bampa kabla hajamwona mwenye gari. Lilikuwa limepasuka pembeni na kuchubuka hadi plastiki nyeusi ikachungulia, nalo lilikuwa mbele ya gari la rangi ya fedha lililoegeshwa chini ya ghorofa lao, mtaa wa Trakia, mjini Plovdiv. Mtu mwingine angeona gari bovu. Svilen aliona riziki.

Yeye mwenyewe hakuwa na gari, na jambo hilo lilimuuma kuliko njaa. Tapeli anayepanda basi ni kama kasisi wa Kiorthodoksi asiye na ndevu: watu humsikiliza, lakini hawamwamini. Alikuwa amejiapiza kwamba majani ya vuli hayatapukutika kabla hajakaa nyuma ya usukani wake mwenyewe. Kwa njia gani, hilo alimwachia Mungu na wajinga.

Mzee Stamen, kondakta mstaafu wa treni, alitokea akiwa na mfuko wa pilipili za kuchoma.

"Mzee Stamen, nani kaling'ata gari lako?"

"Nguzo ya duka la mikate. Mwenye duka anasema nguzo haikusogea."

"Unaliuza?"

"Nimwuzie nani? Injini inakohoa, na sura ndiyo hiyo."

"Injini imefunikwa, mzee. Watu hununua sura. Ndivyo wanavyooa."

"Wewe hujaoa."

"Ndiyo maana bado naona vizuri."

Hapo Svilen akamshika mzee mkono, akamweleza mpango kwa sauti ya mtu anayesoma dua. Dada yake Ralitsa alikuwa anaolewa wiki iliyofuata. Baba wa bwana harusi, mzee Kancho, mkulima wa nyanya huko kijijini, alikuwa anatafuta gari la kumpa mwanawe. Svilen angelipulizia bampa rangi gerejini kwa Stamen, kisha angemleta Kancho. Malipo yake yangekuwa demijani moja, chupa kubwa yenye tumbo, ya rakia, ile pombe kali ya zabibu ambayo Stamen aliipika mwenyewe.

"Unataka kumbambikia mkwe wenu gari hili?"

"Anayeuza ni wewe, mzee. Mimi ni fundi tu."

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Svilen alijaza ufa kwa puti, akausawazisha kwa kidole, akatikisa kopo la rangi kama mpiga manyanga wa kanisa jipya.

"Jirani yangu alipopaka la kwake," Stamen alisema, "alilisugua kwa msasa mchana kutwa. Akalifuta mafuta kwa spiriti. Kisha akapuliza kwanza praima ya plastiki, ile rangi ya msingi ya kushikisha, ndipo rangi yenyewe."

"Huyo alikuwa mwoga. Fundi mwoga ndiye anayesugua."

"Alisema plastiki haishiki rangi."

"Haishiki rangi ya mwoga."

Jirani alisema kweli, na ni haki kumtetea hapa. Plastiki ni mwenyeji asiyependa wageni. Usipoikwaruza, usipoisafisha na usipoitangulizia praima, rangi itakaa juu yake kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti: ukikohoa tu, anaaga. Svilen alilijua hilo fika. Lakini pia alijua kwamba rangi ya siku moja hung'aa sawa na rangi ya miaka kumi, na yeye alihitaji siku moja tu.

Mzee Kancho alikuja kesho yake, kofia mkononi, viatu vina udongo. Alizunguka gari polepole. Aligonga bampa kwa ukucha.

"Linang'aa," alisema.

"Kama lilivyotoka kiwandani," akajibu Svilen. "Mzee huyu huliendesha kwenda kanisani tu."

"Kanisa lipo hapo ng'ambo ya barabara."

"Ndiyo maana halijachakaa."

Kancho alicheka, akalinunua, akaondoka nalo. Svilen alibeba demijani yake hadi nyumbani akimhurumia mkulima kidogo, kwa kiasi kisichodhuru afya.

Siku ya harusi ilifika, na pamoja nayo desturi iliyofanya damu ya Svilen ichemke kwa furaha. Ndugu wa kiume wa bibi harusi ndiye hufunga mlango, na watu wa upande wa bwana harusi hawaingii mpaka wajaze kiatu cha bibi harusi kwa noti hadi yeye aseme basi. Mungu alikuwa ameumba siku moja kamili kwa ajili ya kipaji chake.

Alichungulia dirishani. Msafara ulikuwa umefika. Mbele lilisimama gari jeusi jipya, limevishwa riboni nyeupe, liking'aa kama kiatu cha jenerali. Mate yakamjaa.

"Fungua, kijana," sauti ya Kancho ilisema ngazini. Svilen akafungua kwa upana wa kiatu tu, akakitoa nje. Noti zikaingia.

"Hazitoshi, mzee. Dada yangu anajua kupika, anajua kuhesabu, na ananyamaza akiombwa."

"Sinyamazi," alisema Ralitsa nyuma yake.

Zikaongezwa noti. Zikakataliwa. Wapiga ngoma wakachoka, msimamizi wa harusi akakaa kwenye ngazi.

"Basi taja wewe," Kancho alisema. "Unataka nini?"

"Gari."

Kancho akawageukia wageni waliojaa ngazini.

"Sema tena, watu wote wasikie."

"Nataka gari, mzee, moja kati ya hayo yaliyo chini. Noti chukua zako."

"Na hutarudi kudai kingine?"

"Neno la mlangoni halirudi. Naapa mbele ya mama yangu."

Mama yake alijishika kichwa. Kiatu kilirudi ndani kikiwa na ufunguo. Svilen akafungua mlango wazi, akamkabidhi dada yake bila hata kumbusu, akaruka ngazi tatu tatu. Ufunguo ulikataa kuingia kwenye gari jeusi.

"Hilo ni la msimamizi," Kancho alisema nyuma yake, bila haraka. "Lako ni lile la mwisho."

La mwisho lilikuwa la rangi ya fedha. Bampa lake lilikuwa limebanduka vipande vipande kama mgongo wa mtalii aliyeungua na jua la baharini.

"Nililiosha kwa mpira wa kumwagilia nyanya," Kancho alieleza. "Maji kidogo tu. Nikamwambia mke wangu, gari hili nimrudishie nani? Akasema, ngoja mlangoni, mwenyewe ataliomba."

"Mzee, sisi ni ndugu sasa."

"Ndiyo, mwanangu. Kwa hiyo utupeleke kanisani kwetu kijijini. Na kuhusu bampa usihangaike, nasikia mtaa huu una fundi anayepuliza rangi nyumbani, tena si mwoga."

Stamen, aliyealikwa na Kancho, alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, akitazama dirisha la upande mwingine kwa bidii kubwa.

Msafara ukaondoka. Svilen aliendesha la mwisho, injini ikikohoa, hatimaye nyuma ya usukani wake mwenyewe. Kila alipoongeza mwendo, upepo ulibandua ganda jingine la rangi ya fedha, likaruka juu ya kioo na kuwaangukia watu waliosimama kando ya barabara. Wanawake waliyaokota na kushangilia, wakasema hawajawahi kuona harusi iliyopambwa vizuri namna ile.