Siku Tano Mbali na Ng'ombe

Jumatatu, 16 Juni
Wiki ya shule ya kujifunza kazi imeanza. Wenzangu wamekwenda kwenye maduka ya mikate. Mimi nimechagua kituo cha utafiti wa mifugo, na sababu ni moja: Jumamosi saa nne asubuhi ni maonyesho. Ndama wangu Dagny lazima amshinde ndama wa Asger, jirani yetu wa rika langu, aliyeshinda miaka miwili mfululizo na ambaye huniita "Profesa" mbele ya watu. Waamuzi huuliza maswali ya afya. Nitajibu kama daktari.

Ndama sita. Daktari Birgitte aliwapulizia virusi vya mapafu puani ili aone ugonjwa unavyokwenda. Nilipima joto. Saa kumi jioni tulitoka bandani, tukaoga hadi ndani ya masikio. Ndipo aliponikumbusha karatasi niliyosaini: siku tano bila kukaribia ng'ombe yeyote.

Nyumbani tuna ng'ombe tisini.

Jumanne, 17 Juni
Nimehamia kwa bibi, mjini. Baba alisema kwenye simu nisikanyage kwake, na tukikutana barabarani nipunge mkono tu. Bibi ameuliza kama yeye ni salama. Nimemweleza kwa kirefu kwamba virusi hivi ni vya ng'ombe. Akasema asante, ila alikuwa anauliza kuhusu paka wake.

Hesabu: siku tano zinaisha Jumamosi saa kumi jioni. Nitachelewa maonyesho kwa saa sita. Nimeomba kazi ya ofisini, nisiingie tena bandani.

Jumatano, 18 Juni
Nimempigia mwenyekiti wa maonyesho. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayasoma yote, pamoja na salamu. Nikaomba shindano la vijana lisogezwe hadi saa kumi na nusu. Akasema sawa tu, maana asubuhi ana kondoo wengi mno.

Sikutegemea. Nilimshukuru mara nne.

Alhamisi, 19 Juni
Ndama namba nne ana joto la 40.6 na hataki kunywa. Birgitte alikuwa peke yake. Akaita, "Wee, njoo unishikie ndoo!" Nikaenda. Ndama alinyonya kidole changu, kisha akanywa lita mbili. Niliandika kila kitu, hata jinsi anavyokohoa.

Nilipokuwa naoga nikakumbuka Jumamosi.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemwomba baba amwongoze Dagny mwenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nina miaka hamsini na mbili, hilo ni shindano la vijana." Amesema atatafuta mtu.

Jumamosi, 21 Juni
Baba amepiga simu kutoka uwanjani. Dagny ni wa kwanza. Nikauliza nani kamwongoza. Asger. Alimwachia dada yake ndama wake, kwa sababu, alisema, wa Profesa ni mzuri zaidi. Waamuzi walimuuliza kuhusu kikohozi, akawaambia hajui, wamuulize Profesa. Kikombe huandikwa jina la aliyeshika kamba. Mwaka wa tatu mfululizo, na safari hii kwa ndama wangu.

Jumapili, 22 Juni
Birgitte ameniandikia. Namba nne amepona. Jumatatu, 28 Julai, wanaanza kundi jipya. Je, nitakuja siku hiyo moja? Nimekubali kabla sijamaliza kusoma.

Maonyesho ya mkoa ni Jumamosi, tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi. Nimehesabu kwenye kalenda ya bibi. Siku tano kamili.