Bibi Ukungu Agoma Kuwa Mbaya

Jumapili, 3 Julai 1988. Nyabiyonza.

Nimetoka misani nimekuta hoteli yangu tupu. Mabenchi yamefutwa, chai imechemka, maandazi yamepangwa. Wateja wote wako ng'ambo ya barabara kwa Kokuhirwa. Huyu ni mjane aliyetoka Muleba mwaka jana na mwavuli wake mweusi, akajenga kibanda cha chai mkabala na mlango wangu, kana kwamba Karagwe nzima imekwisha nafasi. Anatia tangawizi. Ndiyo akili yake yote, tangawizi.

Kuna baya zaidi. Mzee Polikarpi, mwenye nyumba, alipita kunisalimia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mabenchi. Alisema hakujenga chumba cha barabarani kwa ajili ya nzi. Msimu wa kahawa ukiisha, chumba atapewa yule ambaye watu wanakaa kwake. Nimekuwa humu tangu nilipoacha kuandika mabango. Hapa ndipo ninapouzia, ndipo ninapolala, ndipo watu wanaponijua. Naogopa kukipoteza, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma.

Mchana nimelala chali kwenye benchi na vitabu vya katuni. Vinaletwa na Fidele, dereva wa lori la chama cha ushirika. Harufu ya kahawa inayokauka ilikuwa inaingia dirishani, nikawa nasoma nusu, naota nusu. Nimegundua jambo. Kila kitabu kina mwanamke mbaya mwenye sura nzuri. Mwizi, au muuaji, au vyote. Kufika katikati anamsaidia shujaa. Kufika mwisho kitabu kimekuwa chake. Waandishi dhaifu hawa! Wanamwanzisha mtu vizuri kabisa katika ubaya, halafu wanamwonea huruma.

Ndipo mpango ukanijia. Nitachora katuni yangu. Mwanamke mbaya, kilemba cha Kokuhirwa, mwavuli wa Kokuhirwa. Mimi sitamlegezea. Watu wakishamwogopa wa kwenye karatasi, nani atakunywa chai ya wa kibandani?

Jumatatu, 4 Julai.

Nimeamka ukungu umejaa bondeni hadi migomba haionekani, vichwa vyake tu juu. Nikakaa mlangoni nikitazama. Nikaona wazi kabisa mwanamke anatembea ndani yake, hana haraka, anaukunja ukungu kidogo kidogo na kuufungia ndani ya mwavuli. Nikamwita Bibi Ukungu. Chai ikaungua sufuriani.

Nimechora kutwa kwa brashi za mabango kwenye karatasi kubwa za manila. Bibi Ukungu anakuja alfajiri, anafunika uwanja kwa ukungu, anaiba kahawa ya watu kwenye mikeka. Anayemsaka ni Askari Hodari. Askari ana kifua kipana na masharubu yangu. Katika picha ya mwisho Bibi Ukungu anampoteza njia, anamwingiza nyumbani kwake na kumpa sumu. Sumu iko ndani ya kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kile kikapu kidogo cha wageni. Nimekichora kikapu ukindu kwa ukindu. Pembeni nimeandika SUMU kwa wino mwekundu, na fuvu.

Nimemtazama mpaka giza likaniondoa. Ni mbaya sana. Amependeza.

Jumatano, 6 Julai.

Siku ya kupima kahawa. Watu wameshuka na magunia kutoka kila kilima, hata Chonyonyo. Karatasi zimebandikwa mlangoni kwangu tangu asubuhi. Wamejaa! Nikatia kuni, nikachemsha sufuria ya pili.

Hakuna aliyemwogopa. Mukandekezi, mama anayelima vibarua na kunisaidia kuosha vyombo, ndiye aliyeharibu. Watu walimwomba awasomee. Akafika picha ya mwisho, akasema hapa hakuna sumu. Wakamwonyesha fuvu. Akasema waangalie shavu la mwanamke. Nikatazama na mimi. Shavu limevimba. Nilimchora anatafuna.

Sikuwa na nia hiyo. Lakini mwenyeji akitoa kahawa si huchukua yeye kwanza, atafune, ndipo mgeni anyooshe mkono? Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mkono wangu nao ulilelewa hivyo hivyo. Mukandekezi alitangaza kwamba maandishi ni yangu mimi Placidius, ila shavu ni la mwanamke mwenyewe. Mtu aliyetafuna kwanza hana sumu. Anasingiziwa. Wote wakakubali, hata karani wa mizani. Wakaanza kuulizana huyu Askari alikuwa anatafuta nini kwa mjane asubuhi yote ile. Mimi sikuandika popote kwamba ni mjane.

Kisha wakavuka barabara, wote, kwenda kumtazama mwenye kilemba. Kokuhirwa alicheka mpaka akashika nguzo. Mchana akaweka kikapu cha kahawa ya kutafuna mlangoni kwake. Sufuria yangu ya pili nimeimwaga.

Ijumaa, 8 Julai.

Nimemweleza Fidele kisa chote. Hakunihurumia. Alisema kosa ni la Askari. Alisema shujaa kazi yake ni kungoja jambo litokee, ila mwanamke mbaya ndiye anayeamka mapema, anajua anachotaka, na anatoka kwenda kukichukua. Msomaji ameamka mapema maisha yake yote na hajachukua kitu. Atampenda nani? Nilimwambia arudi kwenye lori lake.

Mpango wa pili: nimzidishie ubaya. Amwibie yatima. Nimeanza na yatima. Nikamchora uso, nikashindwa kuendelea, machozi. Nikampa yatima baba mdogo mlafi, Bibi Ukungu akamwibia huyo. Si kitu kile kile.

Alasiri ukungu haukuwapo, jua lilikuwa kali, lakini nilihisi amekaa mbele yangu kwenye benchi na mwavuli magotini. Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza tu kwa nini anaiba. Ni aibu kumtuma mtu kazi usiyojua sababu yake. Nikatafuta sababu. Mume wake alifariki, mashemeji wakaja siku ya kumaliza msiba, wakamtoa kwenye shamba la kahawa aliyoipanda kwa mikono yake. Wakamwachia mwavuli. Hiyo ndiyo kahawa anayoiiba sasa, yake mwenyewe.

Nilichora haraka na vizuri, nikahisi utulivu wa ajabu. Nikajikumbusha kwamba bado ni mwizi.

Jumatano, 13 Julai.

Leo hawakucheka. Wanawake walisimama mbele ya karatasi na magunia kichwani, hakuna aliyetua mzigo. Mmoja aligeuka akafuta uso kwa khanga. Askari Hodari amepakwa tope puani. Sijui na nani.

Mukandekezi alinivuta pembeni, akaniuliza nani alinipa habari za Kokuhirwa. Nikamwuliza habari zipi. Akasema za Muleba, za mashemeji, za shamba. Ilitokea vile vile. Alikuja huku kwa kuwa hakuwa na pa kurudi. Nimeishi ng'ambo ya barabara na mtu mwaka mzima, nikajua tangawizi tu. Niliona aibu, ile inayoshuka hadi miguuni.

Kokuhirwa akavuka. Mara ya kwanza kuingia kwangu. Alinisalimia kwa upole, akaniita waitu kama mtu wa kuheshimiwa, akasimama mbele ya picha ya mashemeji muda mrefu. Akauliza nani aliniambia. Nikasema hakuna. Alinitazama, nadhani aliniamini. Halafu akauliza kama shamba litarudi.

Nilitaka kusema ndiyo. Moyo wangu wote ulitaka. Lakini mabenchi yangu yalikuwa matupu nyuma yangu na Mzee Polikarpi alikuwa anapita barabarani taratibu sana. Nikasema wiki ijayo Askari atamkamata. Akaitikia haya, akarudi kwake. Sikuweza kula.

Jumamosi, 16 Julai.

Mpango wa tatu: kummaliza Bibi Ukungu. Afe maji ziwani, kilemba kielee, hadithi iishe, watu warudi kunywa chai.

Nimelichora ziwa. Limetokea zuri, lina yale matete na ndege wadogo. Nimemchora Askari ufukweni. Nimemchora yeye anakuja. Basi hapo nikakaa. Nikaanza kuwaza maji ni ya baridi kiasi gani. Nikawaza viatu vyake, kwamba avivue kwanza. Nadhani nilisinzia macho wazi. Nilipozinduka alikuwa ameshafika ng'ambo, mkavu, na Askari amebaki ameshika mwavuli.

Mzee Polikarpi alinikuta hapo. Nikadhani amekuja kwa ajili ya chumba. Kumbe anataka kujua kama shamba litarudi. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini alikiri kwamba amemtaja Bibi Ukungu kwenye rozari, kati ya wagonjwa na wasafiri. Nilimkumbusha kwamba ni mwizi. Akasema wezi ni mashemeji. Nikamwambia ni mtu wa karatasi. Akasema analijua hilo, si mtoto, na kwamba nikimzamisha nitafute nyumba nyingine kesho yake.

Sasa mwandishi afanyeje? Wale wa vitabuni nawaelewa kidogo. Wao pia wana wenye nyumba.

Jumatano, 20 Julai.

Nimemrudishia shamba. Amewaingizia mashemeji ukungu ndani ya nyumba hadi wakashindwa kuuona mlango, wakapiga kelele kwamba achukue, achukue kila kitu. Anapita kati ya mibuni yake akiigusa mmoja mmoja. Nilikuwa na furaha nilipochora hilo kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Ili asiwe mwema mno, nimemfanya aibe jogoo wa shemeji mkubwa akiwa anatoka. Hakuwa na haja na jogoo. Alimtaka tu.

Jogoo ndiye aliyewaua kwa kicheko. Walipigiana makofi, wakarudia picha kwa waliochelewa, karani akasimamisha mizani. Nilitaka awe mwema au awe mbaya, wao wanamtaka hapo hapo katikati, mwenye haki na jogoo wa watu kwapani. Askari hakuulizwa na yeyote.

Halafu wakavuka barabara. Safari hii sikukasirika mara moja. Nikavuka nami. Kokuhirwa alinikaribisha kwa kikapu, akatafuna kwanza, akaninyooshea. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo ulikuwa unacheka. Chai yake ni nzuri. Ni tangawizi, na kitu kingine.

Mzee Polikarpi alikuwa amekaa pale pale kibandani. Alisema hana haja ya kungoja msimu uishe. Watu wamekaa, wanaonekana. Akaongeza kwamba hata mimi nimekaa. Chumba ni cha Kokuhirwa. Nilikuwa na kahawa mdomoni, sikuweza kujitetea.

Jumapili, 24 Julai.

Nimehama. Nimekodi upande wa nyuma wa nyumba ya Fidele, dirisha linatazama bonde. Jana nilimsaidia Kokuhirwa kuvusha mabenchi yake kutoka kibandani, na yangu ameyachukua humo humo. Nilipoliweka la mwisho nilisimama katikati ya chumba kisicho changu tena, nikayafuta yote upya, yake na yangu. Kokuhirwa alijifanya anatafuta ufagio mpaka nilipomaliza.

Kisha akaniomba nichore ukutani kwake, ukuta mzima, kila siku ya kupima. Chai na andazi asubuhi ni vyangu. Aliomba kwa heshima kabisa. Nilijifikiria kidogo, nikakubali.

Hajui kwa nini nimekubali. Nitamwangamiza kutoka ndani! Chumba kile kitarudi kwangu kabla ya mvua. Bibi Ukungu alikuwa kosa, nilimwachia kikapu, nilimwachia shavu. Sasa naleta mwanamke mpya, Bibi Radi, mbaya kweli kweli, wa kutisha wateja mpaka Rubwera. Hana kahawa. Hana hadithi ya mashemeji. Anachoma maghala ya watu na hageuki nyuma.

Leo alasiri nimemchora usoni, dirisha wazi, bonde zima limetulia. Nimemkazia macho mpaka yanatisha. Huyu hana huruma hata chembe. Nimempa tu mama mgonjwa, ili watu waelewe.